Nguo za Hukumu ya Mwisho

Katika mkesha wa Watakatifu Wote, mwaka wa 1541, ukuta wa madhabahu ya Kanisa Dogo la Sistine mjini Roma ulifunuliwa. Michelangelo alikuwa ameushughulikia tangu 1536, akachora humo Hukumu ya Mwisho: watu zaidi ya mia tatu, wengi wao uchi kama walivyozaliwa. Uchi huo ulikuwa na maana yake. Siku ya ufufuo hakuna joho la mfalme wala matambara ya mwombaji. Kila mtu husimama na mwili wake tu.

Lawama zilianza kabla kazi haijakwisha. Vasari asimulia kwamba Biagio da Cesena, msimamizi wa ibada za Papa, alisema picha ile yafaa mahali pa kuogea na vilabuni, siyo kanisani. Michelangelo akampa hakimu wa kuzimu sura ya Biagio, tena kwa masikio ya punda. Kisa hiki huchekesha, na labda kwa sababu hiyo kimependwa kupita kiasi. Mshitaki mkali zaidi alikuwa Pietro Aretino, ambaye mwaka wa 1545 alimwandikia Michelangelo barua ya kumlaumu kwa kukosa haya. Aretino huyu ndiye mtunzi wa mashairi ya zinaa yaliyojulikana sana Italia. Tena alikuwa ameomba mara nyingi apewe michoro ya Michelangelo, asiridhishwe.

Hata hivyo maneno ya mtu mmoja mmoja hayakuugusa ukuta. Waprotestanti walikuwa wakilishutumu Kanisa kwa ajili ya sanamu zake, nalo likaanza kujitazama kwa macho ya washitaki wake. Desemba 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza picha takatifu zisiwe na lolote la kuamsha tamaa. Januari 1564 ikaamriwa Hukumu ya Mwisho ifunikwe. Tarehe 18 Februari Michelangelo akafa.

Kazi ya kufunika alipewa Daniele da Volterra, mfuasi na rafiki aliyekuwa karibu na marehemu katika siku zake za mwisho. Alipoifanya, mwaka wa 1565, watu wakambandika jina la Braghettone, yaani mtia watu suruali. Kejeli hiyo, kwa maoni yangu, ilimwonea. Wako waliotamani makubwa kuliko vitambaa: yasimuliwa kwamba El Greco alijitolea kuchora picha nyingine, ya heshima, endapo ile ingebomolewa. Mahali pengi Daniele alipaka nguo nyembamba juu ya rangi iliyokwisha kukauka, na chini yake mkono wa Michelangelo ukabaki salama.

Isipokuwa mahali pamoja. Mtakatifu Katarina alikuwa uchi, ameinama, na Mtakatifu Blasio nyuma yake amemwinamia. Wakaguzi wakaona humo jambo lisilotamkika. Hapo rangi haikutosha. Daniele alibomoa lipu yenyewe, akapiga mpya, akamvika Katarina gauni la kijani, akakigeuza kichwa cha Blasio kimwelekee Kristo.

Picha iliposafishwa kati ya 1990 na 1994, wasafishaji waliondoa nguo nyingi zilizoongezwa na watu wa baadaye, lakini za Daniele wakaziacha. Wako waliolalamika. Mimi naona walifanya vyema, kwa kuwa hofu ya mwaka wa 1565 nayo ni sehemu ya historia ya ukuta ule, na anayeifuta atakuwa mkaguzi wa namna nyingine. Lakini kwa Katarina hapakuwa na la kuchagua: chini ya gauni lile hakuna kitu.

Mwaka wa 1549 Marcello Venusti alikuwa amemchorea Kardinali Alessandro Farnese nakala ndogo ya picha nzima, kabla mtu hajaigusa. Nakala hiyo iko Napoli. Humo Katarina bado ameinama na gurudumu lake, na Blasio bado anamtazama.