Kabla ya Jiografia ya Kanda, Historia ya Mipaka

Mwanafunzi anayejiandaa kusoma jiografia ya kanda chuoni hushauriwa awe na mambo matatu: ajue kusoma ramani na vipimo vyake, aelewe misingi ya tabianchi na sura ya nchi, na amudu takwimu za awali. Ushauri huo ni sahihi, lakini haujakamilika. Jambo la nne ni historia ya jinsi kanda yenyewe ilivyoundwa.

Tuchukue Afrika Mashariki. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia Sultani wa Zanzibar visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Bara wakaligawana kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba, ukapinda kaskazini mwa Kilimanjaro, ukafika ziwa Victoria. Wamaasai wakajikuta pande mbili za mpaka ambao hawakuulizwa. Simulizi ya kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima huo mjukuu wake, Kaiser Wilhelm II, hukanushwa na tarehe zenyewe: Wilhelm alitawazwa mwaka 1888, mpaka ukiwa umekwisha kuchorwa.

Mfano wa pili ni reli. Wanafunzi huuliza kwa nini njia iliyotoka Mombasa na kuishia Kisumu iliitwa Reli ya Uganda. Jibu ni kwamba reli ilipofika ziwani mwaka 1901, eneo hilo lilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka 1902 jimbo hilo likahamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Ziwa halikusogea, wala watu hawakuhama. Kilichohama ni mpaka.

Mfano wa tatu unagusa siasa za leo. Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ziliwekwa chini ya Ubelgiji, nayo Tanganyika ikawa chini ya Uingereza. Hivyo zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wapo walioziona kuwa wageni, ilhali historia inaonyesha kwamba walikuwa majirani waliotenganishwa. Jumuiya hiyo, iliyoanzishwa na nchi tatu mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977 na kufufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, sasa imezifikia Sudan Kusini, Kongo na Somalia. Basi kanda ni uamuzi wa kisiasa, nao huweza kubadilishwa.

Viongozi wetu waliliona hilo. Walipokutana Cairo mwaka 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Hawakudai kwamba mipaka ile ilikuwa ya haki. Walihofia vita ambavyo kuichora upya kungeleta.

Haya yana uzito nje ya darasa. Mtumishi wa umma anayedhani kwamba mpaka ni kazi ya maumbile atamwona mama anayevusha mahindi kwenda kwa shemeji zake kuwa mhalifu tu. Anayejua historia atalinda sheria, lakini pia atauliza sheria hiyo inamhudumia nani.

Kwa hiyo, kabla ya muhula kuanza, mwanafunzi na achukue ramani yoyote ya kanda yetu, aiulize maswali matatu: ilichorwa na nani, mwaka gani, na kwa faida ya nani?