Maangamizi (filamu)

Maangamizi ni filamu ya Tanzania ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Daktari Asira (Barbara-O), Mmarekani mweusi, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini. Huko anamkuta Samehe, mwanamke aliyefunga kinywa kwa miaka mingi, anayeigizwa na Amandina Lihamba, mhadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyuma ya Samehe yupo Maangamizi (Mwanajuma Ali Hassan), mzimu wa kale unaowaunganisha wanawake hao wawili.

Daktari, mgonjwa na siri ya utotoni ni mhimili pia wa Spellbound (1945) ya Alfred Hitchcock. Lakini wakati Hitchcock anaifumbua siri kwa kufasiri ndoto, hapa ufunguo umeshikwa na wahenga, na daktari mwenyewe analazimika kuyakabili majeraha yake. Humo ndimo ulimo uzito wa filamu hii.

Ilikuwa filamu ya kwanza kuiwakilisha Tanzania kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Ya pili, Vuta N'kuvute, ilifuata 2022.