Karia ya Nondo

Baiskeli aliyoniachia babu hapa Mgwashi ni Raleigh nyeusi: fremu ya chuma, gia moja, breki za fito. Wapenzi wa baiskeli za kale wangeniambia niing'arishe tu, nisiguse kingine. Mimi nimeifungia gia za kisasa, na sababu zangu nimezipata kwenye historia ileile wanayotaka kuilinda.

Raleigh ilianzia kwenye karakana ndogo ya Raleigh Street, Nottingham, katika miaka ya 1880. Milimani kwetu, baiskeli za Waingereza zilikuta njia iliyotengenezwa na Wajerumani: reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Mombo ndipo tambarare inapoishia. Waingereza walikuwa na gia tatu za Sturmey-Archer tangu mwaka 1902, lakini ya babu ilikuja na moja tu.

Hesabu yake ni hii. Sahani ya mbele ina meno 46, ya nyuma 18. Pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea kama mita 5.6. Kwenye tambarare ni raha. Kwenye mlima wetu miguu haiwezi. Kwa hiyo babu aliendesha kwenda, akasukuma kurudi.

Hata Ulaya gia zilipigiwa kelele. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, lakini gia za kuhamisha mnyororo ziliruhusiwa mwaka 1937 tu. Kabla ya hapo, mshindani alifika chini ya mlima, akashuka, akageuza gurudumu la nyuma ili atumie meno ya upande wa pili. Waandaaji waliona kuteseka ndiyo heshima ya mchezo. Babu hakuwa mchezoni. Alikuwa na viazi vya kufikisha sokoni.

Fundi mmoja wa Soni alipanua nafasi ya gurudumu la nyuma kutoka milimita 114 hivi hadi 130. Chuma huvumilia kupindwa taratibu. Fremu ya alumini ingeweza kupasuka. Tukaweka rimu za alumini zenye kipenyo cha milimita 622 badala ya 635, na breki zenye mikono mirefu ili zizifikie. Gia nyepesi kabisa sasa ina meno 34 mbele na 34 nyuma: mzunguko mmoja, mita 2.2 hivi. Napanda nikiwa nimekaa.

Lakini kilichonifanya nianze kazi hii ni kushuka. Breki za fito husukuma mpira kwenye rimu ya chuma iliyopakwa kromi, na kromi ikilowa huteleza. Wakati wa masika babu alishuka kwa miguu, baiskeli mkononi. Rimu ya alumini hushikika vizuri zaidi kwenye mvua, na masika yetu hayana haraka ya kuisha.

Hatukutoboa fremu popote. Vifaa vya zamani viko kwenye gunia, kila kimoja kimefungiwa karatasi yenye jina lake. Atakayetaka baiskeli ya Nottingham anaweza kuirudisha.

Ila atakwama kwenye karia. Ile ya kiwandani babu aliing'oa zamani, akachomelea ya nondo iliyoweza kubeba gunia zima. Hiyo sikuigusa.