Shokapu

Ukimpelekea fundi wa Kahama au Katoro gari linalodundadunda, jibu lake ni fupi: shokapu imekufa. Neno limetoka Kiingereza, likakaa vizuri kinywani, nasi hatuna sababu ya kulifukuza.

Wapo wanaotaka tuseme “kifyonza mshtuko”. Jina hilo linapotosha, kama linavyopotosha la Kiingereza lililozaa tafsiri hiyo. Gurudumu likiangukia shimo, mshtuko hupokewa na springi. Springi ikishabonyea hutaka kurudi juu, kisha chini, tena na tena. Kazi ya shokapu ni kuituliza: ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya mdundo hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana baada ya safari ndefu kwenye njia ya changarawe shokapu huwa ya moto.

Na kufa kwake si kwa ghafla. Kwanza mafuta huvuja na kuvutia vumbi. Ukifunga breki, pua ya gari huinama. Tairi huliwa kwa mabonde. Bonyeza kona ya gari uachie. Likidunda zaidi ya mara moja au mbili, ishara si njema. Kwenye Subaru ya mwendo kasi kifo hicho ni hatari zaidi, maana tairi linalorukaruka halishiki barabara konani. Mafundi makini hubadilisha mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, nao huziita “pea”.