Moto Upoteao: Mitambo ya Joto na Umeme wa Mara

Mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, wilayani Tarime, ulipoanza kazi mwaka 2002, umeme wa Tanzania ulitegemea zaidi mabwawa ya bonde la Rufiji, na Tarime na Serengeti zilikuwa mkiani mwa waya. Umeme utokao Kidatu hupita Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, na sehemu yake hugeuka joto njiani. Mwaka 2006 mvua ziliadimika, maji ya Mtera yakashuka mno, nchi ikaingia katika mgawo. Mwaka 2011 ukame ukarudi. Hapo ndipo mitambo ya joto, iliyodhaniwa kuwa akiba tu, ilipoonekana kuwa nguzo, tena nguzo yenye nyufa.

Mitambo ya Ubungo, iliyofungwa mwaka 1994 na 1995, ilianza kwa kuchoma mafuta yaliyonunuliwa ng'ambo. Mwaka 2004 ikapewa gesi ya Songo Songo, na wengi wakasema imeboreshwa. Kilichopungua hasa ni gharama. Hata nusu ya moto wake haikugeuka umeme, mwingine wote ukapaa na moshi. James Watt alipata hataza yake mwaka 1769 kwa sababu aliona aibu ya mvuke kupotea bure, na aibu hiyo ilichelewa kufika kwetu. Ni Kinyerezi II, mwaka 2018, iliyotumia moshi wa gesi kuchemshia maji, mvuke ukazungusha mashine nyingine, hata jumla ikafika megawati 240.

Kwa watu wa Mara, hata hivyo, mtambo wa karibu ni ule wa Nyakato, Mwanza, wa mwaka 2013, wenye megawati 63. Waya ni mfupi, lakini mafuta mazito hutoka pwani. Injini ya namna hii ikizeeka, masizi huziba na nozeli hulika. Gramu moja tu ikizidi kwa kila uniti, mtambo ukifanya kazi kwa nguvu zote, ni tani moja na nusu kwa siku.

Tangu Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere linazalisha umeme, na haja ya kuchoma mafuta imepungua. Lakini mafuta mazito hugandamana yakipoa, hayana budi kupashwa moto kabla ya injini kuamka. Na injini iliyolala haina moshi wa kuyapashia.