Mzigo wa Mwenzio: Kutoka Maswa Hata Kariakoo

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni wazi: shehena iliyo juu ya bega la mtu mwingine huonekana nyepesi machoni pa atazamaye, kana kwamba hamna kitu ndani yake ila usufi. Methali hii aghalabu hutumika kuwaonya watu wasidharau shida za wenzao. Mimi naona yafaa vilevile kuwaonya waandishi wa historia. Habari za masoko yetu zimeandikwa kwa kalamu za watoza ushuru, wenye maduka, wasafiri na watawala, nao huhesabu bei, vibanda na majengo. Yule aliyeichukua bidhaa hata ikafika sokoni hatajwi, au akitajwa hutajwa kwa idadi tu, kama yalivyotajwa magunia aliyoyabeba.

Katika insha hii nakusudia kulitazama soko la Kariakoo la Dar es Salaam kutoka upande ambao si desturi kulitazama, yaani kutoka Maswa, bara, zaidi ya kilometa 1,000 mbali. Huenda msomaji akauliza mji mdogo wa Usukuma una uhusiano gani na soko kuu la pwani. Jibu langu ni kwamba miji hiyo miwili imeunganishwa na bega la mchukuzi, na kwamba asiyeijua historia ya bega hilo hawezi kulijua soko lenyewe.

Maswa leo ni wilaya ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga. Makao yake ni mji ambao wenyeji huuita pia Nyalikungu. Zamani za utawala wa Waingereza wilaya hii ilikuwa pana kuliko ilivyo sasa, kwa kuwa Bariadi na Meatu zilikuwa ndani yake. Ni nchi ya mbuga na udongo mweusi, yenye jua kali na mvua zisizoaminika. Watu wake hulima pamba, mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu, na hufuga ng'ombe. Katika nchi ya namna hiyo kununua na kuuza si anasa; ni njia ya kuokoa maisha, kwani mvua inayokosa hapa huenda imenyesha kwa jirani.

Kwa sababu hiyo Wasukuma walikuwa wachukuzi kabla hawajaandikwa na mtu yeyote. Kitu cha kwanza kilichowatoa nyumbani kilikuwa chumvi. Kila kiangazi, mavuno yakiisha, misafara ya wanaume ilielekea mashariki mpaka ziwa Eyasi, ambako maji ya ziwa yakikauka huacha chumvi juu ya ardhi. Njia ilipita katika pori la simba na uhaba wa maji, nchi ya Wahadzabe. Walikwenda na chakula begani, wakarudi na chumvi begani; na chumvi hiyo, ikisha fika Usukuma, ilibadilishwa kwa nafaka na mifugo. Majembe nayo yalitoka upande wa pili, kwa wahunzi Warongo wa Uzinza, magharibi ya ghuba ya Mwanza. Hivyo mkulima aliyetia chumvi katika mboga yake na kulima kwa jembe la chuma alikuwa amekwisha kuunganishwa na nchi mbili za mbali kwa jasho la watu wengine.

Karne ya kumi na tisa ilipofika, njia zilirefuka. Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana mpaka Bagamoyo kwa upagazi wao. Walichukua pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, ushanga na waya wa shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, nayo ni takriban kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Tusidhani kwamba watu hawa walikuwa watumwa wote. Wengi walikuwa watu huru waliofanya mapatano ya ujira, na ujira ukipunjwa waliweza kuweka mizigo chini na kukataa kwenda. Wasafiri wa Ulaya waliwalaumu sana kwa tabia hiyo. Walakini ukiwasoma wasafiri hao kwa makini utaona kwamba walichokilaumu ni kujua thamani ya bega.

Hapa inafaa kutaja hekima moja ya jikoni, maana wanahistoria huipita bila kuiangalia. Viazi vitamu ni chakula kizito kwa sababu vimejaa maji, na tena huoza upesi. Akina mama wa Usukuma walilitatua jambo hili kwa jua. Viazi vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa vibichi, huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa. Vyakula hivi hungoja miezi mingi ghalani bila kuharibika, na uzito wake hupungua sana. Basi mwanamke aliyeanika michembe uani kwake alifanya mambo mawili kwa mara moja: alijikinga na njaa, na alilipunguzia bega mzigo. Sijui uvumbuzi gani wa biashara unaostahili sifa kuliko huo.

Ndipo vikaja vita vya mwaka 1914. Katika Afrika ya Mashariki vita hivyo vilipiganwa na majeshi ya Wajerumani, Waingereza, Wabelgiji na Wareno katika nchi isiyo na barabara, iliyojaa mbung'o wenye kuua farasi na ng'ombe wa kukokota. Chakula na risasi za askari hazikuwa na njia ya kufika ila juu ya vichwa vya watu. Waingereza waliunda kikosi cha wachukuzi kilichoitwa Carrier Corps, na watu walioingizwa katika kazi hiyo upande wao, katika nchi zao zote, walikaribia milioni moja. Nchi za Usukuma na Unyamwezi, zilizokwisha kusifika kwa wapagazi wake, hazikusalimika. Mwanza ilitwaliwa na Waingereza mwezi Julai 1916, na Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji mwezi Septemba mwaka uo huo. Tofauti na wapagazi wa zamani, watu hawa wengi hawakuulizwa kama wanataka.

Hesabu za Waingereza wenyewe zilikiri kwamba wachukuzi zaidi ya 95,000 walikufa. Wachache walikufa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa na vichomi, pamoja na chakula kibaya wasichokizoea. Waliochukua chakula cha jeshi walikufa kwa kukosa chakula kifaacho. Vita vilipokwisha mwezi Novemba 1918 ilibaki mishahara ya watu wengi isiyolipwa, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa sawasawa na warithi wao hawakujulikana. Serikali za makoloni zilibishana na hazina ya London juu ya fedha hizo kwa miaka mingi, na ubishi ukaisha bila ya kuwafikia wenye haki.

Dar es Salaam ilitwaliwa na Waingereza mwezi Septemba 1916. Wachukuzi wa kikosi kile waliwekwa katika sehemu ya mji wa Waafrika, ambako palikuwa na jengo la soko lililojengwa na Wajerumani kabla ya vita. Watu wa mji waliyasikia maneno ya Kiingereza wakayalainisha kwa ulimi wa Kiswahili, na mahali pale pakaitwa Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa na soko lenye jina hilo hilo, kwa asili hiyo hiyo. Baada ya vita, mnamo mwaka 1923, jengo lile la Dar es Salaam lilianza kazi yake ya soko. Basi miji mikubwa miwili ya nchi zetu hununua chakula chake mahali palipoitwa kwa jina la wafu wasiohesabiwa vizuri, na wanunuzi hawakumbuki.

Njia ya kutoka Maswa kwenda huko ilifupishwa na reli. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, nalo lilipita Malampaka, katika nchi ya Maswa. Tangu siku hiyo gunia liliweza kupanda gari la moshi Malampaka likashuka pwani. Wengi wakasema kwamba zama za mchukuzi zimekwisha. Ni kweli kwamba safari ya miezi ilipungua ikawa ya siku. Lakini gunia halipandi behewa kwa miguu yake, wala haliingii sokoni kwa hiari yake.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 mji ulikua upesi, na jengo la zamani likawa dogo. Soko jipya lilichorwa na msanifu wa majengo Beda Amuli, likafunguliwa na Rais Julius Nyerere mwezi Desemba 1975. Paa lake lilishikwa na nguzo zilizotanuka juu kama miavuli iliyofunguka, zenye kukinga maji ya mvua, na chini ya ardhi palikuwa na ghorofa ya kupokea mizigo. Tarehe 10 Julai 2021 jengo hilo liliungua kwa moto, na serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jingine jipya kando yake.

Nililitembelea soko hilo mwaka 2019, kabla ya moto, pamoja na mke wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja pwani kutoka Maswa kwa mara ya kwanza. Watoto walitaka kuona samaki na matunda. Bibi yao hakuvijali. Alikuwa akiwatazama vijana waliopita na magunia mgongoni wakipiga kelele wapishwe njia, naye kila mara alipisha mapema kuliko sisi. Tulipofika penye nafaka na vyakula vikavu aliona michembe. Akaokota kipande, akakivunja, akakinusa, akasema kimekaushwa vizuri.

Mwuzaji, kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, wewe hununua kwa kipimo gani?"

"Kwa gunia, mama."

"Na kuuza?"

"Kwa kisado."

"Aliyevianika unamjua?"

Kijana alicheka kwa upole, akasema kwamba yeye hupokea kwa dalali, dalali hupokea kwa mwenye lori, na mwenye lori hukusanya magulioni. Akaongeza kwamba baada ya kulipa nauli, ushuru na wapakuaji, faida yake si kubwa kama watu wadhanivyo. Mama mkwe hakubishana naye. Alinunua kisado kimoja cha chakula ambacho ghala lake mwenyewe lilikuwa nacho, na tulipomwuliza sababu alijibu kwamba si vema kumwacha mtu aliyevianika bila mnunuzi.

Maswali yake matatu yanafaa kuwa maswali ya mwanahistoria. Tazama tofauti ya vipimo: hununuliwa kwa gunia, huuzwa kwa kisado. Mkulima huuza kwa kipimo kikubwa kisicho na uhakika. Mlaji hununua kwa kipimo kidogo kinachojulikana. Katika nafasi iliyo baina ya vipimo hivyo ndimo inamozaliwa lumbesa, yaani gunia linalojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezwa kichuguu juu na kufungwa kwa kamba, na jumla yake ikahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na viongozi wameikemea mara nyingi, lakini bado ipo. Huumiza watu wawili: mkulima, ambaye hutoa ziada bila malipo, na mpakizi, ambaye huinua uzito wa gunia moja na nusu kwa ujira wa moja. Na tulione jambo hili kwa jina lake: ni uzito uliochukuliwa bila kulipwa, yaani deni lile lile la wachukuzi wa vita katika sura nyingine.

Usukuma una mfano wake wa kushinda dhuluma ya namna hii. Katika mwanzo wa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walishuku mizani za wanunuzi, wakaweka watu wao wenyewe wa kupima pamba kabla ya kuuzwa. Kutokana na shaka ile ya mizani, na kwa uongozi wa watu kama Paul Bomani, vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Hawakuanza kwa nadharia. Walianza kwa kuuliza: mzigo huu una uzito gani?

Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika wa vita vile. Maandishi yake huwataja wachukuzi pamoja na wapiganaji, lakini mtu aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Mchukuzi ana maneno, hana sura. Sioni haja ya kuibomoa sanamu hiyo wala kuilaani. Naona haja ya kuijaza pengo lake. Kazi hiyo yawafaa wanafunzi wa leo. Waende Nyalikungu na Malampaka, wawaulize wazee habari za babu zao waliokwenda Eyasi na waliokwenda vitani. Wawaulize akina mama namna michembe inavyoanikwa na bei waipatayo. Wawaulize wapakizi wa Kariakoo uzito wa kutwa na ujira wake. Wayaandike majina pamoja na vipimo, kwa kuwa tumeona kwamba mtu ambaye jina lake halikuandikwa hakulipwa. Kanda la mwenzetu tukiisha kulitia katika mizani, hatutadhani tena kwamba lina usufi.