Dialisisi ya tumbo: vipimo vya damu na uhai wa mgonjwa

Dialisisi ya tumbo ni njia ya kuchuja damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Maji maalumu yenye sukari huingizwa tumboni kwa mpira laini, hukaa saa kadhaa, kisha hutolewa yakiwa yamebeba taka; chujio ni utando unaozunguka utumbo. Nchini Tanzania iliyoenea ni dialisisi ya mashine, ambayo hutolewa pia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ya tumbo ilianza kutumika katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 2009 kwa watu ambao figo zao zilifeli ghafla. Kati ya wagonjwa 20 wa mwanzo, 16 walipona.

Kwa anayeitegemea dialisisi ya tumbo miaka mingi, kipimo chenye uzito mkubwa ni albumini, protini iliyo ndani ya damu. Utafiti wa CANUSA wa mwaka 1996, uliofuatilia wagonjwa 680 wa Kanada na Marekani, ulionyesha kwamba albumini ikipungua gramu 1 kwa lita, hatari ya kufa huongezeka kwa takriban asilimia 6. Maji yanayotolewa huondoka na protini kati ya gramu 5 na 10 kwa siku, lakini lishe si sababu pekee: maambukizi nayo huishusha albumini, ndiyo maana husomwa pamoja na CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi. Kuongeza usafishaji peke yake hakusaidii sana. Utafiti wa ADEMEX wa Meksiko mwaka 2002, wenye wagonjwa 965, haukuona maisha yakirefuka.

Suala la maambukizi lina uzito pia hapa Tanzania: Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, asilimia 11.1 na 9.6 ya watu wazima katika utafiti wa 2022–2023. Hivyo CRP ikipanda pamoja na albumini kushuka, VVU na kifua kikuu vichunguzwe kabla ya kulaumu chakula. Wingi wa damu (hemoglobini) nao una hila yake unaposomwa: mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo huupandisha kidogo.

Kisha kuna potasiamu. Anayetumia mashine huonywa dhidi ya viazi na ndizi, vyakula vya kila siku Tukuyu, mkoani Mbeya. Maji ya dialisisi ya tumbo kwa kawaida hayana potasiamu, hivyo mgonjwa huipoteza, na upungufu wake umehusishwa na maambukizi ya utando na vifo. Asiache viazi kwa kuiga mgonjwa wa mashine, apime kwanza.